Wazee Wawili wa Mwaka 1896: Somo Juu ya Kuwaenzi Waandishi wa Riwaya

Kila jamii ina namna yake ya kuwaheshimu wazee wake. Mkulima huheshimiwa kwa shamba alilolilima, fundi kwa kazi ya mikono yake, na mpigania uhuru kwa yale aliyoyatoa mhanga. Mwandishi wa riwaya aheshimiwe kwa lipi? Na nani amheshimu, lini, na kwa njia gani? Wako wanaodhani kwamba swali hili ni la wasomi wa mijini tu, na kwamba sisi tulioko Mishamo, katika mapori ya Katavi, tuna mambo makubwa zaidi ya kufikiri: mbegu, mbolea, barabara, bei ya tumbaku. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba fikra hiyo ni potofu. Jinsi taifa linavyomtendea mwandishi wake mzee ni kipimo cha jinsi linavyoutendea umma ambao mwandishi huyo ameandika habari zake.

Hatutaki kulijadili jambo hili hewani. Tutalijadili kwa kutazama maisha ya wazee wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1896, na kufariki mwaka mmoja, 1981. Mmoja alizaliwa China, akaandika kwa Kichina. Wa pili alizaliwa Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, akaandika kwa Kikerewe na kisha kwa Kiswahili. Hawakujuana. Lakini ukiwaweka bega kwa bega, utapata somo ambalo hulipati kwa kumtazama mmoja peke yake.

Mzee wa China

Mzee wa kwanza ni Mao Dun. Jina lake la nyumbani lilikuwa Shen Dehong, na alizaliwa katika mji mdogo wa Wuzhen, mkoa wa Zhejiang. Jina la Mao Dun alijichagulia mwenyewe alipoanza kuandika riwaya mwaka 1927, na kwa matamshi jina hilo ni sawa na neno la Kichina lenye maana ya ukinzani. Halikuwa jina la mchezo. Aliliona taifa lake limejaa ukinzani: wa mwenye ardhi na mkulima, wa tajiri mzalendo na mabepari wa nje, na ukinzani uliokuwamo ndani ya wanamapinduzi wenyewe.

Alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha China mwaka 1921, mwaka wa kuasisiwa kwake. Mapinduzi ya 1927 yaliposhindwa, alipoteza mafungamano na chama, wala hakuyapata tena katika uhai wake. Aliendelea kuandika. Mwaka 1933 ilitoka riwaya yake kubwa juu ya mji wa Shanghai, inayoeleza habari za mwenye viwanda mmoja anayejaribu kusimamisha viwanda vya nchi yake na kupondwa na mtaji wa fedha uliofungamana na mabeberu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikwisha kuandika hadithi fupi juu ya wakulima wanaofuga viwavi wa hariri. Katika hadithi hiyo familia moja inakopa, inakesha usiku na mchana, inapata mavuno mema ambayo haijayapata kwa miaka mingi, na mwisho wake inazama katika deni kubwa zaidi, kwa sababu bei imeanguka na wanunuzi wamefunga milango. Mkulima wa tumbaku wa hapa kwetu hahitaji mwalimu wa kumfafanulia hadithi hiyo. Aisikie mara moja tu, atawataja jirani zake kwa majina.

Baada ya ushindi wa 1949 Mao Dun alikuwa waziri wa utamaduni wa kwanza wa Jamhuri ya Watu wa China, na kiongozi wa chama cha waandishi. Kazi ya uwaziri aliondolewa mwanzoni mwa 1965. Mwaka uliofuata ikaanza ile miaka kumi ya vurugu iliyoitwa Mapinduzi ya Utamaduni, ambayo waandishi wengi wa China waliteswa na kudhalilishwa. Mwandishi mkongwe Lao She alikufa Agosti 1966, siku moja baada ya kupigwa hadharani. Jambo hili tunalitaja kwa makusudi, nasi tutalirudia.

Mwezi Machi 1981, akiwa kitandani na ugonjwa wa mwisho, Mao Dun alifanya mambo mawili. La kwanza, aliomba kurudishiwa uanachama wake. La pili, alitoa yuan 250,000 za malipo ya vitabu vyake ili uanzishwe mfuko wa kuwatuza waandishi wa riwaya ndefu. Alifariki tarehe 27 Machi. Siku nne baadaye chama kilimrudishia uanachama, na kikauhesabu kuanzia 1921. Tuzo yenye jina lake ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1982, na imeendelea kutolewa kila baada ya miaka michache hata leo. Kwa hiyo nchini China mwandishi mkongwe anapoadhimishwa kwa tuzo hiyo, anaadhimishwa kwa tuzo iliyoanzishwa kwa fedha iliyotoka katika jasho la kalamu ya mwandishi mwenzake.

Mzee wa Ukerewe

Mzee wa pili ni Aniceti Kitereza. Alizaliwa katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, lakini maisha yake hayakuwa ya kitawala. Alisoma katika shule ya misheni ya Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na elimu nyingine ya kanisa. Hakuwa padre. Alirudi nyumbani, akaoa, akafanya kazi ya ukarani na ya kuwafasiria wamisionari. Yeye na mkewe, Bibi Anna Katura, walipata watoto, lakini hawakubahatika kubaki na hata mmoja.

Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili mzee huyu alikaa akaandika riwaya kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Ni habari za mume na mke, Myombekere na Bugonoka, ambao hawana mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anakwenda kumwomba arudi, anatozwa faini ya pombe, anahangaika, anasaidiwa na jirani na mganga, na mwisho wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Huo ndio uti wa mgongo. Nyama yake ni maisha yote ya Wakerewe kabla ya ukoloni: kulima, kuvua, kupika pombe ya ndizi, kumwamkia mkwe, kumzika mtu, kugawana nyama, kutibu homa. Mwandishi aliona kwamba mambo hayo yanasahauliwa na vijana waliosoma, akataka wayakute katika lugha yao.

Hapa ndipo ilipoanza safari ya kusikitisha. Kitabu kilikuwa kinene mno, na lugha yake ilikuwa ya kisiwa kimoja. Padre Simard, mmisionari aliyemtia moyo, alijaribu kukitafutia mchapishaji ng'ambo, akafariki kabla ya kazi kutimia. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya riwaya ya Kikerewe. Baada ya Uhuru mswada ulibaki sandukuni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wawili kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuwa wakichunguza historia ya Ukerewe, walimkuta mzee huyu, na katika mashauriano ikaonekana kwamba njia ni moja tu: akifasiri kitabu chake kwa Kiswahili. Naye, akiwa na zaidi ya miaka sabini, mwenye maumivu ya viungo, alikaa tena chini, akaiandika upya kwa Kiswahili kazi yote ile, ukurasa kwa ukurasa.

Shirika letu la uchapishaji, Tanzania Publishing House, liliichukua kazi hiyo, na riwaya ikatoka ikiwa na mwaka 1980 katika ukurasa wake wa mbele. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu mswada ukamilike. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi kitabu kilichochapwa.

Baada ya kifo chake sifa zilikuja. Kitabu kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya ambaye naye ni mwana wa Ukerewe. Leo wataalamu wa fasihi wanakihesabu miongoni mwa riwaya kubwa zilizopata kuandikwa kwa lugha za Kiafrika. Lakini sifa hizo zilimkuta mwenyewe amekwisha kulala kaburini.

Tofauti inatoka wapi?

Mtu mwenye haraka atasema: China ni taifa kubwa, Ukerewe ni kisiwa. Jibu hilo halitoshi. Mtu mwingine atasema: Mao Dun alikuwa na kipaji zaidi. Jibu hilo ni la uwongo, na aliyesoma habari za Bugonoka anajua kwamba ni la uwongo. Tofauti ya kweli iko katika vyombo.

Mao Dun alipoandika Shanghai, palikuwapo magazeti ya fasihi, wachapishaji, jumuiya za waandishi, na wasomaji waliokuwa wakibishana juu ya kila sura. Alifanya kazi ndani ya harakati. Kitereza aliandika peke yake. Hakuwa na mhariri, hakuwa na gazeti, hakuwa na mwandishi mwenzake wa kubishana naye jioni. Mtambo wa karibu ulikuwa wa misheni, nao ulikuwa na kazi zake. Ukoloni ulikuwa umeipanga nchi kwa namna ambayo mtu wa Kagunguli aliweza kusoma Kilatini kwa miaka, lakini hakuweza kumfikia msomaji wa kijiji cha jirani.

Kwa hiyo twasema: kumuenzi mwandishi hakuanzi siku ya sherehe. Kunaanza siku mswada unapopata mtu wa kuusoma. Hotuba, shada la maua na picha ya ukumbusho ni mavuno; shamba ni karatasi, mtambo, mhariri, mwalimu, rafu ya vitabu na taa ya kusomea. Anayetaka mavuno bila ya shamba anajidanganya.

Lakini tusiishie hapo, maana ukweli wa China una upande wa pili. Vyombo peke yake havimlindi mwandishi. Mwezi Mei 1942, kule Yan'an, Mao Zedong alifundisha kwamba fasihi iwatumikie wafanyakazi, wakulima na askari. Fundisho hilo liliwapeleka waandishi wengi vijijini, na faida yake haikanushiki. Lakini fundisho hilo hilo, likiwa mikononi mwa watu waliojifanya wenye haki ya kuwa wasomaji pekee, likageuzwa fimbo. Mzee Lao She, aliyeandika habari za mvuta riksho wa Beijing kwa huruma isiyo na mfano, alipigwa kwa jina la wanyonge aliowatetea. Baadaye jina lake lilisafishwa, na tuzo ya fasihi ikaitwa kwa jina lake. Tuzo hiyo ni njema; lakini hakuna tuzo inayomfufua mtu.

Historia yetu wenyewe

Chama kisichojikosoa hakiwezi kuikosoa jamii. Basi tuitazame historia yetu bila ya kupaka rangi.

Katika siku za ukoloni, aliyeamua nani aenziwe alikuwa mtawala na idara zake. Idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliendesha mashindano ya uandishi, na katika mashindano ya 1957 na 1958 mshindi wa kwanza wa hadithi za Kiswahili alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka mwaka 1960 na kutuletea Bwana Msa na kiko chake. Tusikatae kwamba mashindano yale yalizaa matunda. Lakini kipimo kilikuwa mikononi mwa wengine. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufanya kazi ya ukarani wa serikali, alifariki Juni 1962, nusu mwaka tu baada ya Uhuru. Baadhi ya vitabu vyake, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vilitoka yeye akiwa amekwisha kufariki. Ugonjwa wa kumchapisha mtu akiwa marehemu haukuanza na Kitereza.

Baada ya Uhuru hatua kubwa zilichukuliwa. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Wakati huo, kadiri ya watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Ikaja kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na kufikia 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Hakuna sherehe ya mwandishi iliyopata kushinda ile: kumpa wasomaji. Ndiyo iliyokifanya kitabu cha Kitereza kiwe na maana kwa Kiswahili, kwani kilipotoka walikuwapo watu wa kukisoma. Uchumi ulipoanguka, karatasi ikaadimika, vitabu vikapungua madukani, na katika miaka iliyofuata idadi ya wasiojua kusoma ikapanda tena. Somo ni kwamba ushindi usiolindwa hupotea.

Tumewatendeaje waandishi waliosema mambo yasiyopendeza? Euphrase Kezilahabi, mwana mwingine wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, na kitabu hicho kikazuiwa kutumika shuleni kwa muda kwa sababu kilieleza waziwazi jinsi wasichana wanavyoharibiwa, hata na watu wazima wenye vyeo. Baadaye kikafundishwa. Adam Shafi, aliyeandika Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979, vitabu viwili vilivyowatukuza wanyonge wa mashamba na wa bandarini Zanzibar, alikuwa amewekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Sheikh Abeid Amani Karume mwezi Aprili 1972. Habari za gerezani alizigeuza riwaya, Haini, iliyotoka mwaka 2003. Riwaya yake nyingine, Vuta N'kuvute, ilitengenezwa filamu mwaka 2021 na kijana wa Kitanzania, Amil Shivji, na mwaka 2022 filamu hiyo ikapelekwa na nchi yetu kushindania tuzo ya Oscar. Mtu aliyefungwa na taifa akaja kuliwakilisha taifa. Jambo hilo ni la kujivunia, na ni la kutafakari pia.

Mwaka 2021 huohuo, tarehe 7 Oktoba, Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilikwenda kwa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kuihama nchi akiwa kijana katika miaka iliyofuata Mapinduzi. Nchi nzima ilimshangilia. Lakini wangapi kati yetu tulikuwa tumesoma kitabu chake hata kimoja? Riwaya yake ya kwanza kutufikia kwa Kiswahili ilikuwa Peponi, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022, miaka 28 baada ya kutoka kwa Kiingereza. Tulimshangilia kwanza, tukamsoma baadaye. Huko ni kuanzia mavunoni.

Hatua iliyo sahihi zaidi ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ubora wake hauko katika fedha tu. Uko katika mpango wa kuzichapa kazi zilizoshinda na kuzipeleka mashuleni. Hapo tuzo imeungana na mtambo, na mtambo umeungana na msomaji. Mzee Kitereza angalipata tuzo ya namna hiyo mwaka 1945, historia yake ingalikuwa nyingine kabisa.

Mishamo inaingiaje?

Sasa turudi nyumbani. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 kuwapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wengi wao wakihamishwa kutoka Ulyankulu ambako ardhi ilikuwa imewabana. Walipewa pori, wakalifyeka, wakaunda vijiji 16, wakalima chakula cha kuwatosha na cha kuuza. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipokea medali ya Nansen kwa ajili ya ukarimu wa taifa hili kwa wakimbizi, na haki ni kusema kwamba sehemu ya heshima ile ilikuwa ya majembe ya watu hawa. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba wapatao 162,000 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu wamekubaliwa uraia, na kuanzia 2014 vyeti vikaanza kugawiwa. Mwaka 2012 mkoa wetu wa Katavi ulizaliwa kutoka Rukwa.

Ziko aina mbili za hazina katika vijiji hivi. Ya kwanza ni nguvu ya kazi, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ni masimulizi. Mtaalamu Liisa Malkki, aliyekaa Mishamo katika miaka ya 1985 na 1986, alikuta kwamba wazee kwa vijana walikuwa wakisimulia historia yao kwa utaratibu na kwa undani wa ajabu: nchi waliyotoka, jinsi walivyoonewa, jinsi walivyokimbia, maana ya kuwa wakimbizi. Alitoa kitabu mwaka 1995, kwa Kiingereza, na vyuo vikuu vya dunia vinakisoma. Basi fikirini jambo hili, ndugu: masimulizi ya Mishamo yamesomwa ng'ambo kwa muda mrefu, kwa lugha ambayo wasimulizi wengi hawakuijua. Je, huo si mfano wa pamba yetu iliyokuwa ikienda nje ghafi na kurudi ikiwa shati?

Kamati ya Nobel ilipomtuza Gurnah ilitaja jinsi alivyoieleza hatima ya mkimbizi aliyenaswa kati ya tamaduni na mabara. Mishamo hatuhitaji kufafanuliwa maneno hayo. Wako wazee hapa waliovuka mpaka wakiwa na mtoto mgongoni, wakaishi miaka zaidi ya 35 bila ya kuwa raia wa nchi yoyote kwa vitendo, na sasa wana wajukuu wanaofanya mitihani kwa Kiswahili. Nyumbani wanasema Kirundi. Shuleni, ofisini na sokoni wanasema Kiswahili. Hali yao ni ile ile ya mzee wa Kagunguli: maisha yamo katika lugha moja, na wasomaji wamo katika lugha nyingine. Naye ametuonyesha la kufanya. Hakuitupa lugha yake, wala hakujifungia ndani yake. Aliandika kwanza kwa lugha ya mama yake, kisha akaivusha kazi kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba kumbukumbu za 1972 ni hatari, na kwamba ni afadhali zilale. Tunawaelewa, maana zimo kumbukumbu zinazoweza kuchochea chuki. Lakini kumbukumbu inayonong'onwa gizani ni ya hatari kuliko ile iliyoandikwa, kwani iliyoandikwa huweza kusomwa, kupimwa, kubishiwa na kusahihishwa. Riwaya njema haimfundishi mtu kumchukia jirani yake. Humwonyesha jirani huyo akiwa na njaa, na woga, na mtoto mgonjwa. Kitereza hakuandika juu ya utukufu wa ukoo wake wa kitawala, ingawa aliweza. Aliandika juu ya mume na mke wanaotaka mtoto.

Nini kifanyike?

Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo manne.

Kwanza, maadhimisho ya waandishi yaanze kwa kusoma. Ikiwa shule, tawi au kijiji kinataka kumuenzi mwandishi mkongwe siku ya Kiswahili Duniani, ambayo tangu 2022 huadhimishwa kila tarehe 7 Julai, basi wiki kadhaa kabla yake kitabu chake kisomwe kwa sauti mbele ya watu, sura baada ya sura, na wasiojua kusoma wakiwapo. Riwaya ya Myombekere inafaa mno kwa kazi hiyo, kwa kuwa imejaa mazungumzo, na kila mkulima atakuwa na la kusema juu ya kesi za wakwe.

Pili, mzee aenziwe angali hai. Maafisa wa utamaduni na walimu wa wilaya waandikishe wazee wenye miswada, mashairi na masimulizi, na waisome miswada hiyo. Kuusoma mswada wa mtu ni heshima kubwa kuliko kumpa kiti cha mbele.

Tatu, vijana wa Mishamo wenye kipaji wahimizwe kushindania tuzo zilizopo kwa kuandika habari za maisha ya hapa, bila ya kuiga habari za Dar es Salaam wasizozijua. Na walimu wawasaidie kuifasiri kwa Kiswahili hazina iliyomo katika Kirundi.

Nne, mwandishi asiadhibiwe leo ili asifiwe kesho. Viongozi wenye hasira juu ya kitabu wakijibu kwa kitabu. Historia ya China, na ya kwetu pia, imeonyesha kwamba waliokuwa na fimbo wamesahauliwa, na waliokuwa na kalamu ndio wanaotajwa.

Mwisho

Wazee wawili walizaliwa mwaka 1896. Mmoja alifariki akiwa ameuachia umma mfuko wa kuwatuza waandishi wa baadaye. Wa pili alifariki akiwa anasubiri kifurushi cha vitabu. Wote wawili walitimiza wajibu wao. Hakuna aliyebaki na deni. Deni liko upande wetu, nalo halilipwi kwa hotuba. Hapa Mishamo, mahali fulani, huenda kuko daftari ndani ya sanduku la bati, limeandikwa kwa penseli, na mwenyewe ni mzee. Swali tunalopaswa kujiuliza ni moja: je, tutalifungua daftari hilo yeye akiwa hai, au tutangoja miaka 35?